Kusoma Mahame: Jinsi ya Kufuatilia Safari ya Rutuba ya Kale kwa Kemia ya Udongo

Pita Narok au Laikipia wiki mbili tatu baada ya mvua za masika, utaona madoa ya kijani katikati ya mbuga ya migunga. Ni duara lisilo na mti, ukoka umebana kama zulia, na asubuhi swala pala wamelijaa. Muulize mchungaji, hatasita: hapo ni mahame, palikuwa na boma. Ng'ombe walilala hapo, watu wakahama, mavi yakaoza, na nyasi zimekuwa zikiyala hadi leo.

Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Fiona Marshall na wenzake waliochimba mahame matano ya wafugaji wa kale huko Narok. Umri wake ulikuwa kati ya miaka 1,550 na 3,700 hivi. Fosforasi, kalsiamu, magnesiamu na naitrojeni vilikuwa bado vingi kuliko nje ya mahame. Yaani kinyesi cha ng'ombe waliokufa kabla ya Kristo kuzaliwa kingali kinalisha nyasi.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kufanya kazi ya aina hiyo mwenyewe: mwanafunzi wa kilimo, wa ikolojia au wa mambo ya kale, au fundi wa maabara ya udongo aliyeletewa mifuko ya watafiti na hajui wanachotafuta. Nimechagua zizi kwa sababu alama zake ni kali. Hatua zenyewe zinafaa pia kwenye matuta ya mashamba ya kale ya Engaruka au nyuani mwa nyumba za mji wa kale wa Waswahili kama Songo Mnara, yote mawili Tanzania, ila huko ishara ni hafifu na utahitaji sampuli nyingi zaidi.

Kabla ya koleo

Zizi halizalishi rutuba. Ng'ombe hula mchana huko porini, jioni hurudi, na usiku huacha mavi na mikojo mahali pamoja. Kila kilo ya fosforasi iliyomo zizini ilitolewa kwenye malisho. Ukichimba zizini tu umeona ghala. Mashamba yaliyolijaza hujayaona. Kazi nyingi hukosea hapa: zinapima doa tajiri, zinashangilia, zinaishia hapo. Huo si mzunguko, ni kituo kimoja cha safari. Kwa hiyo andika swali lako hivi: kirutubisho kipi kilitoka wapi, kikafika wapi, kikabaki kiasi gani, na kingine kilipotelea wapi?

Vibali usivipuuze. Kenya utaanzia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Makumbusho ya Taifa. Tanzania utaanzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na idara inayosimamia mambo ya kale. Udongo ukitakiwa kuvuka mpaka, uliza mapema habari ya vyeti vya afya ya mimea. Na kabla ya ofisi zote hizo, nenda kwa wazee wa pale. Baadhi ya mahame yana makaburi, na hakuna ramani itakayokuonyesha.

Hatua ya kwanza: wajue mashahidi wako

Fosforasi ndiye shahidi mkuu. Katika udongo haigeuki gesi ikapaa, wala haichukuliwi na maji kirahisi. Kwenye udongo wa magadi na chokaa hujifunga na kalsiamu. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu hujifunga na chuma na alumini. Ikishafika mahali, hukaa. Miaka ya 1920 Olof Arrhenius, mwana wa yule mkemia Svante Arrhenius aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, alikuwa akipima mashamba ya viazisukari nchini Sweden. Akagundua kwamba mahali palipokuwa na fosfati kupita kawaida ndipo watu wa kale walipokuwa wameishi. Alikuwa akitafuta sukari, akakuta vijiji.

Naitrojeni ana tabia tofauti: huondoka, lakini kuondoka kwake kunaacha alama. Urea iliyo kwenye mkojo hugeuka amonia na kupaa. Atomu zake zina uzito wa aina mbili, ziitwazo isotopu: nyepesi, ile ya 14, hutangulia kuondoka. Inayobaki inazidi kuwa na ile nzito, ya 15. Ndiyo maana zizi la kale huwa na naitrojeni nzito kuliko mbuga iliyolizunguka hata pale ambapo wingi wa naitrojeni yenyewe umeshuka.

Kaboni inakueleza ng'ombe walikula nini. Nyasi nyingi za mbuga za joto hutengeneza chakula chao kwa njia iitwayo C4, na uwiano wa kaboni-13 yake (isotopu nzito ya kaboni), ukilinganishwa na kipimo sanifu cha kimataifa, huwa karibu na –13 kwa elfu. Miti, vichaka na majani mapana mengi ni C3, karibu na –27. Mbuzi wanaokula majani ya vichaka na ng'ombe wanaokula nyasi hawaachi alama moja.

Kalsiamu, magnesiamu, zinki na stronti ni mashahidi wa kuunga mkono. Potasiamu mimi simwamini kwa mambo ya kale. Huyeyuka na kwenda na maji. Ukimkuta kwa wingi juu juu, fikiria majivu ya juzi.

Hatua ya pili: chagua mahali, kisha chagua pasipo mahali

Tembea kwanza, siku nzima ikibidi, bila kuchimba. Chora duara, weka alama za GPS, angalia mteremko. Katika boma la Kimasai nyumba huzunguka ukingoni na ng'ombe hulala katikati, kwa hiyo tazamia mambo mawili: katikati kinyesi, na ukingoni pete ya majivu ya jikoni. Ukichanganya sampuli za pande hizo mbili kwenye ndoo moja umeua habari yote.

Jihadhari na vichuguu. Mchwa nao hukusanya rutuba, na kichuguu kilichoporomoka huota nyasi nzuri vilevile. Kichuguu huwa kidogo, kina mwinuko na udongo wake ni mfinyanzi uliopandishwa kutoka chini. Zizi ni pana, bapa, na ukilichimba unakuta tabaka laini la kijivu.

Sasa udongo wa kulinganishia, ambao kwangu ni nusu ya kazi yote. Uwe wa aina ileile, mwamba uleule, mteremko uleule, na uwe upande wa juu wa mahame, maana maji ya mvua huteremsha fosforasi. Chukua si chini ya sehemu tano. Kaskazini mwa Tanzania hili ni la lazima zaidi: majivu ya Ol Doinyo Lengai na ya volkano zilizozimika yamemwaga kalsiamu, potasiamu na fosforasi katika tambarare pana bila msaada wa ng'ombe yeyote. Namba isiyo na mwenzake wa kulinganisha haisemi kitu.

Mwisho, mistari. Kutoka katikati ya duara vuta mistari minne kwa pande nne, na weka vituo kwenye mita 0, 10, 20, 30, 50, 100 na 200. Ukiweza kwenda kilomita moja au mbili kuelekea malisho na mahali pa kunyweshea, nenda. Huko ndiko utakakoona upande wa pili wa mzunguko: udongo ulionyang'anywa.

Hatua ya tatu: chimba

Vituoni tumia kekee ya udongo. Katikati ya zizi, ukingoni na kwenye angalau sehemu mbili za kulinganishia chimba shimo kamili la mita moja kwa mita moja, hadi upite tabaka la kijivu na kuingia udongo asilia. Safisha ukuta mmoja kwa mwiko, piga picha yenye kipimo, eleza rangi kwa kitabu cha Munsell.

Chukua sampuli kuanzia chini kwenda juu. Ukianza juu, udongo tajiri unaporomokea tabaka za chini na utajidanganya kwamba fosforasi ilizama. Fuata tabaka unazoziona kwa macho. Pasipo na tabaka, gawa sentimita tano tano kwa ishirini za kwanza, kisha kumi kumi. Nusu kilo kwa kila sampuli inatosha. Kutoka kila tabaka chukua pia udongo wa kujaza pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100 ili baadaye ujue uzito wa udongo kwa ujazo. Watu huiacha pete hii kwa sababu inachosha, halafu wanakwama kwenye hesabu.

Andika lebo mbili kwa penseli: moja ndani ya mfuko, kwenye kipande cha karatasi ngumu kilichofungiwa plastiki yake, nyingine nje. Nasema penseli kwa sababu niliwahi kutumia kalamu ya wino, mvua ikatunyeshea nyuma ya pikapu, na mifuko thelathini na moja ikafika maabara ikiwa haina jina. Niliimwaga.

Tabaka la kijivu lipe mfuko wake wa pekee kwa ajili ya hadubini. Ruth Shahack-Gross na wenzake, waliochunguza maboma ya Wamasai yaliyohamwa kusini mwa Kenya, walionyesha kwamba kinyesi kilichooza huacha fitolithi nyingi, yaani vijiwe vya silika vilivyokuwa ndani ya nyasi. Pasipo na uchachu unaweza pia kukuta chembe duara za chokaa zinazotengenezwa tumboni mwa mnyama. Ukiviona, una uhakika kwamba fosforasi yako ni ya mavi na si ya mifupa au jivu tupu.

Hatua ya nne: andaa

Tandaza kivulini, si juani, siku tatu hadi tano. Oveni ukiitumia isizidi nyuzi 40. Udongo wa zizi ukichomwa moto zaidi unapoteza amonia. Usiache sampuli mbichi zikivundia kwenye plastiki, vijidudu havilali. Vunja madonge kwa kinu na mchi wa mbao, chekecha kwa chekeche ya milimita 2, ondoa mizizi kwa mkono. Kiasi cha vijiko viwili kisage hadi kiwe kama unga wa ngano, kwa ajili ya isotopu. Udongo wa pete unakaushwa peke yake kwa nyuzi 105, kisha unapimwa.

Pima uchachu mapema. pH ndiyo itakayokuambia fosforasi imeshikwa na nani na kama zile chembe za chokaa zingeweza kudumu.

Hatua ya tano: fosforasi, kwa njia ya kuchoma na kutochoma

Ukiwa porini unaweza kupata picha ya haraka kwa kipimo cha karatasi alichokieneza Robert Eidt mwaka 1973. Weka udongo kidogo katikati ya karatasi ya kuchujia, dondoshea matone mawili ya molibdati ya amonia iliyo katika asidi, subiri nusu dakika, dondoshea asidi askobiki, ambayo ni vitamini C tu. Buluu ikitambaa haraka na mbali, fosfati ipo kwa wingi. Hiki hakikupi namba, kinakupa mpaka wa zizi. Kwa kazi hiyo ni kizuri sana na bei yake ni ndogo.

Maabara sasa. Maabara nyingi za kilimo zitakupa kipimo cha Olsen, Bray au Mehlich. Hivyo vinapima fosforasi ambayo mhindi wa msimu huu unaweza kuinyonya. Vinamfaa mkulima. Wewe unatafuta iliyokaa karne kadhaa, ambayo imejificha. Waombe fosforasi ya jumla, au fanya mwenyewe kwa njia inayotokana na ile ya Saunders na Williams ya mwaka 1955:

Pima gramu moja ya udongo mara mbili. Moja ichome kwenye tanuru kwa nyuzi 550 kwa saa moja, nyingine usiichome. Zote mbili zitikise kwa saa 16 katika mililita 50 za asidi ya salfuriki ya nusu mola. Chuja. Pima rangi ya buluu kwa njia ya Murphy na Riley, kwenye spektrofotomita, nanomita 880. Iliyochomwa inakupa jumla. Isiyochomwa inakupa fosforasi ya madini. Tofauti yao ni ile iliyokuwa ndani ya mabaki ya viumbe. Unapochanganya, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye asidi.

Njia hii ina udhaifu. Kwenye udongo mwekundu uliochakaa, moto wenyewe hulegeza baadhi ya fosforasi ya madini, kwa hiyo ile ya viumbe itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Na asidi hii haifikii yote iliyofungiwa ndani ya chuma. Kwa kulinganisha ndani na nje ya zizi moja inatosha. Kwa kulinganisha Narok na Songo Mnara haitoshi.

Usioshe vyombo kwa sabuni ya unga. Baadhi ya sabuni zina fosfati. Mara ya kwanza kabisa nilipofanya kipimo hiki, chupa isiyo na udongo wowote iligeuka buluu kama anga ya Januari, nikamlaumu muuza kemikali wiki nzima. Kosa lilikuwa kwenye karai. Osha kwa asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, na katika kila kundi weka chupa mbili tupu, yaani zenye kemikali bila udongo, na sampuli moja unayoijua.

Kwa matokeo, usiangalie wingi peke yake, angalia umbo. Zizi halisi hupanda ghafla ndani ya tabaka la kijivu na kushuka ghafla chini yake. Pakiwa na wingi juu sentimita kumi tu, uliza kama pamewahi kulimwa kwa mbolea ya DAP au ya Minjingu. Hiyo ya Minjingu, nikiruhusiwa kutoka njiani kidogo, ni mzunguko wa kale wenyewe: ndege walikula samaki wa ziwa la kale la Manyara, wakaacha kinyesi na mifupa, vikawa mwamba, na leo mwamba huo unasagwa ukamwagwe kwenye mahindi.

Hatua ya sita: isotopu

Hiki ndicho kipimo cha gharama, na mashine zake ni chache Afrika Mashariki, kwa hiyo utatuma sampuli mbali. Tuma chache zilizochaguliwa vizuri: wasifu mzima wa shimo la katikati, yaani tabaka zote kuanzia juu hadi chini, wasifu mzima wa kulinganishia, na vituo vya mstari mmoja.

Gawa kila sampuli mara mbili. Sehemu ya kaboni ioshwe au ifukizwe kwa asidi ili chokaa iondoke, maana kaboni ya chokaa si ya mmea. Sehemu ya naitrojeni isiguswe na asidi, kwa kuwa asidi huondoa baadhi ya naitrojeni na kupotosha uwiano. Ukiletewa bei ya kupima vyote kwa mkupuo mmoja kwenye udongo wa chokaa, kataa.

Kusoma majibu: naitrojeni hupimwa dhidi ya hewa, ambayo ni sifuri. Ukame peke yake hupandisha naitrojeni-15, hivyo tarakimu kubwa si ushahidi. Tofauti na udongo wa kulinganishia ndiyo ushahidi. Kwa kaboni, kumbuka kwamba hewa ya leo ni nyepesi kuliko ya kabla ya viwanda kwa takriban 2 kwa elfu, sababu ya moshi wa makaa na mafuta, na kwamba kuoza kwenyewe hupandisha uwiano kidogo kadiri unavyoshuka. Badiliko la moja au mbili usilijengee hadithi. Likiwa la sita au nane, mimea ilibadilika.

Hatua ya saba: umri

Kwa kipimo cha umri cha kaboni-14 tafuta mkaa au mfupa ndani ya tabaka, si udongo mtupu. Kaboni ya udongo ni mchanganyiko wa mizizi ya jana na masalia ya kale, na tarehe yake ni wastani usio wa mtu. Vijipande viwili vya matawi membamba, kimoja kutoka sehemu ya juu ya tabaka la kijivu na kimoja kutoka sehemu yake ya chini, vinakupa mwanzo na mwisho. Mkaa wa gogo kubwa unaweza kuwa na miaka mia zaidi ya moto wenyewe.

Hatua ya nane: geuza namba kuwa ng'ombe

Hapa ndipo kemia inaposhika mzunguko. Nitatumia tarakimu za mfano. Zizi lina kipenyo cha mita 40, yaani mita za mraba 1,257. Tabaka tajiri lina kina cha sentimita 40, na pete zimekupa tani 1.1 kwa mita ya ujazo. Huo ni udongo wa tani 553. Fosforasi ya ndani inazidi ya nje kwa miligramu 1,500 kwa kilo, ambayo ni kilo moja na nusu kwa tani. Ziada yote ni kilo 830 hivi.

Chukulia ng'ombe mdogo wa kienyeji anatoa kilo mbili za mavi makavu kwa siku, yenye fosforasi asilimia 0.4. Hizo ni gramu nane, na nusu yake huangukia zizini usiku. Gawa kilo 830 kwa gramu nne: usiku 207,500 wa ng'ombe mmoja. Kwa kundi la ng'ombe mia, ni miaka mitano na miezi minane au tisa.

Kisha geukia malisho. Kama kundi lilizunguka eneo la hekta 2,000, kilo 830 zilizoondoka ni chini ya nusu kilo kwa hekta. Hutaiona kwa mashine yoyote, na ndiyo maana wengi hudhani malisho hayakupoteza kitu. Lakini wafugaji walijenga boma jipya, na jingine, na jingine, kwa vizazi. Hesabu mahame yote katika eneo, zidisha, na sasa una ramani ya rutuba iliyohamishwa. David Augustine alionyesha uhamisho wa namna hii wa naitrojeni na fosforasi kwa maboma ya Laikipia katika kazi yake ya mwaka 2003.

Usiamini hesabu hii kabla ya kuijaribu kwenye mahame ya karibuni ambayo wazee wanayakumbuka. Nilipojaribu, fosforasi ilisema miaka miwili. Mzee tuliyekaa naye chini ya mgunga akacheka. "Minne, mwanangu. Nilioa mwaka tulioingia, na tulipotoka mtoto wa pili alikuwa anatembea." Nikakagua kila kitu upya: pete, mizani, chupa tupu. Vyote vilikuwa sawa. Nikarudi kumuuliza kama maji yaliwahi kufagia pale. Hapana, akasema, maji hayakufagia. Ila mwaka wa mwisho walikuja watu wa bustani na lori, wakachota samadi safari sita.